Miwani ya VR haiwezi kusimulia hadithi. Nibishieni

#1 Mzee wa Pedi
Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nimemaliza gemu ya Red Dead Redemption 2 kwa mara ya pili. Nilikaa nikitazama majina ya waliotengeneza yakipanda mpaka mke wangu akaniuliza nimefiwa na nani. Jumamosi yake nikaenda Mbezi kwa jamaa yangu aliyeletewa Quest 3, miwani ya VR, ile ya kukutia ndani ya picha. Akanivalisha. Nikakatakata visanduku vya Beat Saber, nikashushwa baharini papa akanipita puani, nikapanda jengo refu nikaambiwa nitembee juu ya ubao. Dakika arobaini. Raha, sikatai. Ila nilipovua ile miwani sikuwa na cha kumsimulia mtu.

Hoja yangu ni kwamba hadithi inataka umwone mtu mwingine akikosea. Arthur Morgan wa Red Dead ana uso, ana ndevu zinazoota, ana namna yake ya kushuka kwenye farasi akiwa amechoka. Ukivaa miwani yule mtu anatoweka, unabaki wewe na mikono miwili inayoelea hewani. Sasa huruma nimpe nani? Nijihurumie mimi, niliyekaa Mbezi nimeshiba wali?

Angalieni The Last of Us. Angalieni God of War ya 2018, kamera haimwachi Kratos tangu anakata mti mpaka mwisho, haikatwi hata mara moja. Wanaojua kusimulia wamekaa nyuma ya bega la mhusika. Hawakuingia machoni mwake.

Nibishieni, lakini kwa hoja.

#2 Ngoja Waje
Nimekaa pale. Karanga ninazo.

#3 Chumvi Kidogo
Mkuu, umepima VR kwa Beat Saber. Ni sawa na mtu aliyeonja kachumbari akatangaza kwamba shughuli haikuwa na nyama. Beat Saber haijawahi kudai ina hadithi. Tafuta gemu ya miwani yenye hadithi, Half-Life: Alyx ya 2019, ukimaliza rudi hapa ufute uzi.

#4 Githeri Baridi
Alyx ilitangazwa Novemba 2019, ikatoka Machi 2020. Nakumbuka vizuri sana, ni mwezi uleule korona iliingia Kenya, na cuzo yangu alikuwa na miwani ya Vive chumbani Kasarani. Tulifungiwa na hiyo kitu.

Lakini nimuunge mkono Chumvi. Na wewe Mzee wa Pedi umeteleza mahali: "wanaojua kusimulia wamekaa nyuma ya bega." Half-Life ya kwanza ni ya 1998 na hautoki machoni mwa Gordon Freeman hata sekunde moja. Uso wake hauuoni ukicheza, haongei, hakuna zile video za katikati. Na bado watu wameililia sehemu ya tatu tangu Episode Two ya 2007. Kama hiyo si hadithi, walikuwa wanalilia nini?

#5 Mzee wa Pedi
Githeri, hapo umenibana, nakubali nusu. Lakini hata hiyo Half-Life ya watu wanaoililia, ukiwauliza wanamkumbuka nani watakutajia yule binti Alyx na baba yake Eli. Watu wenye nyuso. Gordon ni tundu la kuchungulia tu.

#6 Githeri Baridi
Sawa buda, sasa sikia. Kwenye Alyx kuna sura moja kuna jitu linaitwa Jeff. Ni kipofu. Linakusikia tu. Na mahali penyewe pana unga wa kuvu hewani unaokufanya ukohoe, ukikohoa limekupata. Kwa gemu ya kawaida ungebonyeza kitufe. Kwa Alyx unachukua mkono wako mwenyewe unauweka mdomoni. Wako, wa ukweli. Chupa zimepangwa kwa rafu, unafungua mlango polepole kwa mkono mmoja, mwingine umeziba mdomo, chupa inaanguka unaidaka. Cuzo yangu alikuwa amevaa miwani sebuleni na amejiziba mdomo, mama yake akaingia akafikiri ameambiwa habari mbaya kwa simu.

Niambie hiyo si kusimulia.

#7 Mzee wa Pedi
Hiyo ni kuogopesha. Hata mbwa wa jirani ananifanya nizibe mdomo.

#8 Ngoja Waje
😂😂 Karanga zimeisha, naongeza.

#9 Fundi Remoti
Mnazunguka mbuyu. Sababu ni tumbo.

Mimi nafungua na kufunga hizi mashine, PS za kila namba, na miwani nimeshapokea kadhaa. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji, hiyo ndiyo inayoupa ubongo habari kwamba mwili unakwenda. Ukivaa miwani ukasukuma kijiti kwenda mbele, macho yanasema tunakimbia, sikio linasema tumesimama. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana. Wapo wanaosema unadhani umekula sumu, ndiyo maana unataka kutapika.

Kwa hiyo watengenezaji wanafanya nini? Wanakuruhusu urukie kutoka nukta hadi nukta badala ya kutembea. Wanakugeuza kwa vipande vipande. Wanatia giza pembeni ya macho ukitembea. Wanaongeza kasi ya picha: Quest ya kwanza, ya 2019, ilikuwa picha 72 kwa sekunde, PlayStation VR2 inafika 90 mpaka 120. Yote hayo ni kupambana na tumbo.

Sasa rudi kwa Arthur wa Mzee wa Pedi. Ile hadithi yake inasimuliwa wapi zaidi? Juu ya farasi. Unapanda na wenzako, dakika tano, kumi, wanaongea njia nzima. Weka hiyo farasi kwenye miwani. Kabla hawajamaliza kusalimiana umeshatapikia zulia la mwenye nyumba.

#10 Maskati Mpaka Darajani
Assalaam aleikum. Fundi kasema kweli. Mie ninayo hiyo VR2 hapa Maskat, na mtu wa bahari mie, nimezaliwa Malindi ya Unguja si Malindi ya Kenya. Boti ya Dar haijanitia kichefuchefu maisha yangu. Resident Evil 7 ilinilaza chini robo saa, nikiwa na mashine ya zamani, ile VR ya kwanza ya PS4.

Na ukifikiri, ni kinyume chake. Kwenye boti ukikaa ndani chini, sikio linasikia mawimbi, macho yanaona kiti kimetulia. Kwenye miwani macho ndiyo yanaona mawimbi. Tangawizi haikunifaa. Feni iliyonipulizia usoni ndiyo iliyonifaa, nami ningali sijui kwa nini.

Lakini yakhe, ile Resident Evil 7 niliimaliza. Ile familia ya Baker mezani, yule mzee anakusogezea chakula mdomoni, nilirudisha kichwa nyuma nikajigonga ukutani. Kwenye TV ningecheka.

#11 Chumvi Kidogo
Mzee wa Pedi, swali dogo. Kabla ya hiyo Quest ya Mbezi uliwahi kuvaa nini?

#12 Mzee wa Pedi
Ile ya kuchomeka simu. Niliinunua Kariakoo 2017.

#13 Chumvi Kidogo
Nilijua! Wakuu mnaona? Yale maboksi ya simu ndiyo yaliyoharibu jina la VR nchi hii. Unageuza kichwa tu, ukiinama picha haijui kama umeinama, ukipiga hatua haijui. Watu wakatazama video ya treni la milimani mara moja, wakaumwa kichwa, wakampa mtoto achezee. Chuki yako ni ya tangu Kariakoo, Arthur umemtafuta baadaye awe shahidi.

#14 Mkalimani Kibandani
Nimesoma yote kimya. Naomba nitoe yangu, ni ndefu kidogo.

Mimi nilikuwa mkalimani wa kibanda cha gemu. Msicheke. 2007, Morogoro, Mafiga. Kibanda cha mabati, TV tatu za chogo, PS2 zote zimechezewa ndani zisome CD za kuchoma. Mchana ni mpira tu, mechi shilingi 200, kwa sababu mechi ina mwanzo na mwisho na mwenye kibanda anajua adai hela saa ngapi. Gemu ya stori ilikuwa hasara kwake. Mtu akikaa na God of War haijulikani atatoka lini. Kwa hiyo stori zilichezwa usiku, kibanda kikishafungwa. Anacheza mmoja, tunatazama kama kumi na tano.

Nilikuwa kidato cha pili, Kiingereza napata D. Wenzangu hawakuwa na hata hiyo D, basi nikapewa kiti cha mbele kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Zikija zile video za katikati, yule wa pedi anaiweka mapajani, watu kimya, mimi natafsiri. Nusu sikuelewa. Nikawa najaza.

Nikawaambia Kratos kaibiwa mtoto na mganga. Ule weupe wa mwili wake ni unga aliopakwa ili majini yasimwone. Ile minyororo mikononi ni deni la mganga. Watu wakaelewa vizuri sana. Usiku wa pili wakaja zaidi.

Miaka nane baadaye, nipo chuo, nikaicheza mwenyewe na maneno yakipita chini ya skrini. Mke na mtoto aliwaua yeye mwenyewe. Ares alimhadaa, akavamia kijiji bila kujua waliomo. Na ule weupe si unga. Ni majivu yao, yamelaaniwa yamgande mwilini. Nilisimamisha gemu nikatoka nje nikasimama kwenye korido. Nilikuwa nimewadanganya watu kumi na tano. Mwenye kibanda ameshafariki, amekufa anajua Kratos alikuwa anamtafuta binti yake.

Ninachosema ni hiki: kwetu gemu ya stori haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa na mchezaji, mkalimani, na watu wa kusema "asiende huko!" Miwani ina kiti kimoja. Mimi ndani ya VR najisikia kama mtu aliyesema "hadithi hadithi" na hakuna aliyeitikia.

#15 Tanganyika Jeki
Mkuu kumbe ni wewe! Nilikuwa Mafiga miaka hiyo. Ni wewe uliyetuambia CJ wa San Andreas ni mdogo wake 2Pac?

#16 Mkalimani Kibandani
Hiyo sikumbuki. Inawezekana.

#17 Tanganyika Jeki
Niliiamini mpaka namaliza kidato cha nne. Nilibishana na mwalimu wa uraia.

Na mnaoongelea San Andreas, mimi niliicheza mwaka mzima bila memori kadi. MB 8 tu zile, bei yake ilikuwa haipatikani. Kila siku naanza upya: nimeshuka kwenye ndege, mazishi ya mama, baiskeli, Grove Street. Tanesco wakikata nimekwisha. Sehemu ya mwanzo naijua kama dua. Sikujua kama Big Smoke ni msaliti mpaka nimeshaoa.

#18 Ngoja Waje
Kwa hiyo wewe kwako Big Smoke alikuwa mtu mwema miaka yote hiyo 😂 Umeishi vizuri.

#19 Fundi Remoti
Mkalimani, nimeguswa, ila nikusahihishe kidogo. Miwani ya siku hizi inarusha picha kwenye TV. Anayecheza anavaa, mliobaki mnaona anachoona. Tatizo ni kwamba picha inafuata kichwa chake. Akigeuka ghafla nanyi mmegeuzwa. Nilirusha ofisini siku moja, mteja aliyekaa kwenye benchi akaomba maji.

#20 Sista Wodini
Habari zenu. Mimi sichezi gemu. Mume wangu ndiye anayecheza, mimi nakunja nguo nyuma yake. Ni muuguzi, kliniki ya kifua kikuu, mwaka wa tisa.

Nimeingia kwa sababu ya huyo Arthur. Mapema kabisa kwenye gemu anatumwa kudai deni kwa baba mmoja wa shambani, mgonjwa mgonjwa. Anampiga. Yule baba anamkohoa usoni, damu. Nikasema, "Huyo kaisha." Mume wangu akajibu, "Mzee? Naona." Nikamwambia, "Si mzee. Huyo wako wa kofia." Akanicheka.

Karibu mwezi baadaye (anacheza wikiendi tu) namwona Arthur anaanza kukohoa. Mashavu yameingia. Macho yamekuwa mekundu. Anashika ukuta. Nikasema sasa tusubiri daktari, na kweli mjini Saint Denis daktari akamwambia. Mume wangu akanigeukia, akanitazama kama mchawi.

Gemu ni ya mwaka 1899. Koch alishakitambua kijidudu tangu 1882, lakini dawa haipo, streptomycin imepatikana 1943. Leo ningempa Arthur dozi ya miezi sita na kadi, na ningempigia simu asipokuja. Wakati ule ni kuambiwa apumzike mahali pakavu. Walipatia. Hata kule kukonda walipatia.

Kuhusu ubishi wenu: mgonjwa wa TB mara nyingi ndiye wa mwisho kujiona. Anasema ni vumbi, ni sigara, ni uchovu. Anayemwona ni jirani, ni mke. Mngenivisha miwani nikawa Arthur, nisingeona kitu. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nyuma yake na nguo mikononi.

#21 Mzee wa Pedi
Dada, naomba nikununulie soda. Hiyo ndiyo hoja yangu umeisema kuliko nilivyoisema.

#22 Pasi ya Kisigino
Kwani mtu akiharibu uhondo wa gemu adhabu yake hapa ni nini? Mimi ndiyo kwanza nipo sura ya tatu. Sura ya TATU.

#23 Ngoja Waje
Gemu imetoka Oktoba 2018 mkuu. Pole. Nenda kapime.

#24 Chumvi Kidogo
Sista, heshima kwako, lakini mimi nasoma mfano wako upande wa pili. Ukiwa nyuma yake unamwona. Sawa. Ukiwa ndani yake unajidanganya kama anavyojidanganya yeye, na siku ukipita kwenye kioo ndiyo unashtuka. Hiyo nayo ni hadithi, tena kali, ila bado hakuna aliyeifanya kwa pesa za Rockstar, wenye gemu ya Arthur. Na Githeri keshasema, kukohoa kwa Alyx unakuzuia kwa mkono wako.

Halafu mnasema VR lazima uwe mhusika. Si lazima. Tafuteni Moss ya 2018. Umekaa maktaba, umefungua kitabu, kitabu kinakuwa kijiji mbele yako, na kapanya kadogo kanaitwa Quill kanatembea chini ya pua yako. Wewe jina lako ni Msomaji. Ukikwama kanakugeukia kanakuonyesha kwa ishara za viziwi za Kimarekani nini cha kufanya. Ukifaulu kananyoosha mkono mgongane viganja. Nilikagusa kichwa siku ya kwanza kakafumba macho. Nina watoto wawili na sijawahi kuwa mpole vile.

Hapo nani yuko nyuma ya bega la nani?

#25 Maskati Mpaka Darajani
Moss hiyo mke wangu kaimaliza, na hakai na gemu yoyote. Hakutapika.

#26 Bonde la Ufa
Wote mnakwepa pesa. Hadithi kubwa inataka pesa kubwa. 2023, kwenye kesi ya Microsoft kule Marekani, nyaraka za Sony zilifichwa vibaya ikaonekana The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220. Nani ataweka milioni 220 kwenye kifaa ambacho watu wachache wanacho? VR2 ilianza kuuzwa dola 549.99, ghali kuliko PS5 yenyewe ilivyoanza. Quest 3S ndiyo ya afueni, ilianza 2024 kwa 299, ukipiga kwa shilingi ya Tanzania ni karibu laki nane kabla hata ya mtu wa Dubai kukutajia bei yake.

Facebook waliinunua Oculus 2014 kwa dola bilioni 19. Pesa iliingia kwenye vioo na vyuma. Kwa waandishi wa hadithi haikufika.

#27 Githeri Baridi
Bilioni 19 ni WhatsApp, mwaka huohuo. Oculus ilikuwa bilioni 2. Point yako inabaki lakini.

#28 Bonde la Ufa
Asante. Mark alikuwa na mwaka wa sokoni kweli.

#29 Pasi ya Kisigino
Kwani hizi stori zote lazima ziwe za wazungu wenye kofia? Kuna gemu gani ina Kiswahili? Nikumbuke kitu kingine zaidi ya msiba wa Arthur mliouleta leo.

#30 Tanganyika Jeki
Resident Evil 5! Wale wanavijiji wanapiga kelele Kiswahili kabisa. Imewekwa huku kwetu Afrika Mashariki.

#31 Githeri Baridi
Wapi. Kijuju ni mahali pa kubuni, na wenyewe wamesema ni Afrika Magharibi. Ndio kichekesho: Magharibi, wanaongea Kiswahili, na wale waliogeuzwa wanaitwa Majini. Ya 2009. Mimi nilikuwa nacheza na nyanyangu yuko hapo, anauliza, "Hawa wanatuita?"

Kama ni Kiswahili cha heshima kuna ule wimbo wa kufungulia Civilization IV ya 2005, Baba Yetu. Ni Sala ya Bwana. Mtunzi ni Mmarekani, Christopher Tin, na 2011 ukapata Grammy, wa kwanza kutoka kwa gemu.

#32 Mkalimani Kibandani
Mmesahau Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Hiyo unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza baada ya kufiwa na baba yake.

Na ona ilivyopangwa: kijana Zuberi kafiwa na baba, baba kamwachia kitabu alichoandika. Anakisoma. Ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana, naye kafiwa na baba, anakwenda kufanya makubaliano na Kalunga, mungu wa kifo: nitakuletea roho tatu kubwa, nirudishie baba yangu. Unavaa kinyago cha jua au cha mwezi unapigana. Kamera iko mbali, pembeni, Zau ni mdogo kwenye skrini.

Niliicheza peke yangu na sauti ya Kiswahili. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa nafungua mdomo kutafsiri. Hakuna wa kumtafsiria, na hakuna cha kutafsiri.

#33 Mzee wa Pedi
Mkalimani, Kalunga anakubali?

#34 Mkalimani Kibandani
Sisemi. Nimeshaharibu God of War ya watu kumi na tano, inatosha.

#35 Pasi ya Kisigino
ASANTE.

#36 Chumvi Kidogo
Mzee wa Pedi, jamaa yako wa Mbezi ana kompyuta ya kuendesha Alyx?

#37 Mzee wa Pedi
Ana laptopu ya ofisi. Inaendesha Excel, na hiyo kwa kubembelezwa.

#38 Githeri Baridi
Njoo Nairobi. Cuzo bado anayo Vive. Mama yake pia bado yuko, atakuangalia.

#39 Fundi Remoti
Uende na feni.

#40 Mzee wa Pedi
Nitakwenda. Msimamo bado ni uleule, lakini mambo mawili yamenikaa. La kwanza, Half-Life ya 1998, hilo sikulifikiria. La pili, huyo panya. Jana nimemwambia mke wangu habari za panya anayefumba macho akiguswa, akasema hiyo tununue. Miaka sita namsimulia Arthur hajawahi kusema tununue chochote.

#41 Bonde la Ufa
Laki nane, shemeji. Mwambie laki nane.

#42 Sista Wodini
Narudi na swali kwa mnaojua. Mume wangu yuko safari, nimewasha mwenyewe. Nimeanza upya, farasi nimeshamweza. Sasa yule Strauss mwenye vitabu vya madeni anataka Arthur aende kwa yule baba wa shambani. Nataka asiende. Nimempeleka kuwinda, nimempeleka kuvua samaki, nikirudi ile alama iko palepale kwenye ramani. Nabonyeza wapi kukataa?

#43 Githeri Baridi
Sista, hakuna mahali pa kukataa. Misheni hiyo ni ya lazima. Usipoifanya hadithi haiendelei.

#44 Mzee wa Pedi
Ni kweli dada. Nilijaribu hata mimi safari hii ya pili. Huwezi kufika huko mbele bila kupita kwa yule baba.

#45 Sista Wodini
Basi haiendelei. Nimemwacha kambini. Leo siku ya nne, anakunywa mchuzi wa Pearson, hakohoi.